Bulongo ya Ndani ya Bafle

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Asubui nilimaliza kutengeneza ampli mbili na radio ya kanisa. Baridi mukali, bidole bilikatala kushika turnevisi, ile bisibisi yangu. Mbele ya midi, saa sita haijafika, Mama Séraphine akaleta bafle ya baba yake, ile sanduku ya mbao ya kutosha sauti. Batu bane balisukuma pusupusu yake, na bado balikuwa banahema.

Bafle inafika mi ku kifua. Haina jina, haina marke. Buzito ya vile sijaona. Séraphine anasema muzungu mumoja alimwachia baba yake wakati alikuwa anarudia Bulaya. Hivi njo banajua mu jamaa yote. Batoto hawakuwa na ruhusa ya kuigusa.

Baba yake, Tata Mwepu, alipooza upande ya kuume mwaka jana. Maneno ilimubakilia kidogo sana. Kila siku anaonyesha bafle na mukono ya kushoto. Anataka kuisikia, Séraphine anasema. Jumapili jamaa itakutana kwa kugawa bitu ya nyumba, juu muzee anahamia kwa Séraphine. Gaston, kaka yake mukubwa, ameshasema: kama bafle haiimbe siku ile, atapasula mbao.

Nilimwambia itaimba. Nilimwambia tena ni kazi ya fabrike, kiwanda ya Bulaya, asiwe na mashaka, mi sikosaka.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Nilikosa.

Nilifungula mugongo ya bafle. Ndani iko mistari ya kalamu ya kreyo. Matundu ya vise, ile misumari ya kuzungusha, haifanane. Waya ya bobine ni ya motere ya zamani, imezungushwa ku kijiti, na mukono, pole pole. Mbao ni mulombwa. Ile miti haioteke Bulaya. Mutu alikaa kwake, hapa hapa Katanga, akaitengeneza. Na alijua kazi, hiyo lazima niseme. Nani? Séraphine hajue. Labda ule muzungu. Nilikasirika, juu nilishajisifu mbele yake.

Oparlere yenyewe, ile kinywa ya sauti, iko muzima. Nilitia pile ndogo ya tochi, ikajibu tu. Karatasi yake imepasuka nafasi tatu. Hiyo ni kazi ya kole ya kubandika na subira, si kitu.

Kisha nikaona kila ubavu ni mbao mbili, na katikati kuko nafasi. Nilitosha vise moja. Bulongo ikaanza kumwangika ku miguu yangu. Mweusi sawa makala, muzito sawa chuma. Hapa Kolwezi, muji ya migodi, mutu akiona bulongo muzito imefungiwa mu kitu, hawazake mara mbili. Ni minere, madini ya kuuzisha, na kuko mwenye aliificha.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Nilitosha bulongo yote. Mifuko tatu. Mu ginsi gani Gaston alipata habari, sijue, lakini asubui alikuwa ku mulango na beseni. Alijaza, akaenda kwa mununuzi wa minere kule chini ya barabara. Alirudia uso imeanguka. Ni manganeze, madini ya bei ya chini, sawa ile ya Kisenge. Ya beseni moja tu hakuna mwenye kuitaka.

Séraphine, mwenye alikuya nyuma yake, akasema Tata alifanya kazi Kisenge, mu ateliye ya mine, kule banatengenezaka mashini, mbele ya kuoa mama yao. Afadhali angenyamaza. Gaston alikaa ku kiti yangu, akasema, «Basi aliiba kule. Baba yetu alikuwa mwizi, na sisi tulikuwa tunapanguza hii kitu kila Jumamosi.»

Séraphine alilia. Naandika hapa bila kujificha: mi pia niliwaza vile. Mutu mwenye roho safi anaficha bulongo juu ya nini?

Kisha balienda. Nilifagia ndani ya mbavu na burosi, nikapanguza, nikarudisha mbao. Safi kabisa. Bafle sasa nainyanyula mi peke yangu. Nilijisikia muzuri.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Mubaya. Mubaya sana.

Niliunga ampli, nikafungula radio. Mutu wa habari anasema sawa ameingiza kichwa mu mutungi. Ngitare ya sauti nene inavuma mu nyumba yote, mbao inatetemeka, hata bisahani bya jirani. Nilirudilia kole ya karatasi. Nilibadilisha kondensatere. Nilisude waya yote upya, na risasi ya kuyeyusha. Midi kuran ya umeme ikaenda, nikangoja nimekunja mikono. Ikarudi. Nilifungula tena. Ileile.

Miaka makumi mbili na sita mu hii kazi. Batu banatoka mpaka Lubudi kuniletea bitu ya kufa, na inafufuka. Leo sijue. Hiyo neno naandika hapa tu, inje sitaisema.

Niliita Séraphine ku telefone: kesho alete Tata. Nataka nimuulize kama tangu zamani ilikuwa inavuma hivi. Kichwa anaweza kuitikisa, hiyo inatosha. Jumapili ni keshokutwa, na Gaston ameshanunua musumeno.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Balikuya wote tatu. Gaston alisukuma kiti ya muzee bila kumutazama.

Niliweka lwimbo. Tata Mwepu alisikiliza kidogo, akafunga macho, kama mutu anayeumwa na jino. Akanyoosha mukono ya kushoto, akagonga ubavu ya bafle na kidole. Ko, ko. Akagonga tena. Akanitazama mi, na haya ikaniingia mbele sijajua sababu.

Kisha akaona mifuko ku kona. Alionyesha. Nilileta moja. Akachota bulongo mu kiganja, akaileta ku nafasi ya mbao, akaiachilia ndani. Akachota tena.

Njo nikaelewa. Haikuwa ya kufichwa. Ilikuwa ya kunyamazisha mbao. Ubavu ukiwa muzito hautetemeke, na sauti inatoka kwa oparlere tu. Hiyo mi ningepaswa kuijua. Lakini niliona bulongo, nikaona minere, sawa mutu yote wa Kolwezi. Nilipanguza akili ya mutu na burosi.

Na mutu anayejua kitu ile si mutu aliyeachiwa bafle na muzungu.

Tulijaza pamoja, asubui muzima. Mi namwanga, yeye anagonga mbao na kijiti, bulongo inashuka, inashika, sawa mama wa soko anavyogonga kipimo ya bunga. Kila fasi alisikiliza mbele ya kunionyesha fasi ingine. Nilifunga vise. Niliweka lwimbo ileile.

Ee Mungu. Mwimbaji alikuwa mu nyumba. Nilisikia pumzi yake. Sitadanganya, machozi ilinitoka.

Séraphine alipiga magoti. «Tata, njo weye uliitengeneza?» Akatikisa kichwa: ndiyo. «Sasa juu ya nini ulituambia ni ya muzungu?»

Muzee alitafuta maneno mingi. Kinywa ilienda upande.

«Bangesema... niliiba.»

Tuliuliza, akatikisa kichwa: waya ya motere ya kuungua ilikuwa takataka kule mine, bulongo vilevile. Lakini ile wakati ya bazungu, mutu mweusi akionekana na kitu ya namna ile kwake, nani angemwamini? Akasema bongo moja, uwongo ya muzungu, akaishi nayo mpaka batoto yake banazeeka. Gaston alikuwa amesimama karibu na mulango. Alitoka. Nilimuona kupitia dirisha, ameshika ukuta.

Mi nilimuomba muzee musamaha. Hakuulize ni ya nini. Alishika waya moja ya kusude kwangu, akaikunjia uso. Nilirudilia ile sudure. Alikuwa na haki.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Balinialika. Nilienda na kikwembe mupya, ya kitenge.

Jamaa ilikuwa mingi, baba wadogo na bajukuu mpaka inje. Baligawa biti bya kukalia, masufuria, mashini ya kushona, bila fujo. Bafle, ilirudishwa asubui, zamu yake ilifika mwisho. Baba mudogo mumoja aliuliza nani atabakia na kitu ya ule muzungu.

Gaston alisimama. Alichelewa kusema. «Hakukuwa muzungu. Baba yetu njo aliitengeneza, na mikono yake.» Kisha akasema inaenda kwa Séraphine, pahali Tata anaenda, na yeye mwenyewe ataipeleka.

Batu baligeuka kumutazama muzee. Alikuwa ameweka mukono ya kushoto ku ubavu ya bafle, radio inaimba pole pole. Batoto balianza kukuya, mumoja mumoja, nabo bakaweka mikono. Hakuna aliyebafukuza.

Nilikunywa chai, nikarudia nyumbani kwa miguu.