Kurasa Zilizochanwa

Jumapili, Oktoba 2006. Kilburn. Manyunyu tangu asubuhi, na moyo wangu umechafuka kama hewa.

Kwa wiki tatu nimekuwa nikimshuku mtu mzima. Naandika hapa kwa kuwa nyumbani sithubutu kusema.

Mambo yako hivi. Mjomba wangu anaishi Minnesota, na chuo cha mjini kwake kitapokea maombi yangu nikifanya mtihani wa kuingilia vyuo vya Marekani. Iko miwili, SAT na ACT, na chuo kinakubali wowote. Mimi nina Jumamosi moja tu kabla ya maombi kufungwa. Nikichagua vibaya, basi.

Nilifanya majaribio ya yote miwili kwenye meza ya jikoni, Mama akinishikia saa, kisha tukampa Mwalimu Kioko karatasi zangu, pamoja na kitabu changu cha ACT, asahihishe. Mwalimu alifundisha historia Machakos miaka mingi. Hapa London anatunza wazee, na Jumamosi anatufundisha sisi vijana wa kanisa katika ukumbi kule Tottenham. Karatasi ya SAT aliirudisha baada ya siku tatu. Alama za kawaida. Ya ACT, kila nikiuliza: "Bado kidogo, binti yangu."

Wiki ya tatu akamwambia Mama kwamba SAT ndiyo inayonifaa.

Amejuaje, kama hiyo nyingine hajaisahihisha?

Nikaanza kuunganisha mambo. Binti yake alifanya SAT. Vitabu vyote vya ukumbini ni vya SAT. Nikitaja ACT, anavua miwani na kuifuta. Nikajiambia kwamba hataki nimpite binti yake. Naona aibu kuiandika hiyo, lakini niliiwaza, tena nikajiona mjanja.

Leo kanisani, wakati wa kuwaombea watahiniwa, Mama akasimama akatangaza kwamba Mueni wake atafanya SAT. Watu wakasema amina. Nilihisi mlango unafungwa nikiwa nje.

Baada ya ibada, wakati wa chai, nilimwomba Mwalimu karatasi yangu hivyo hivyo ilivyo. Akaitoa mkobani polepole. Pembeni ilijaa penseli yake. Alikuwa akilitafuta jibu la kila swali mwenyewe, akifuta na kurudia, na alikuwa amefika katikati ya sehemu ya sayansi. Karibu kila jibu langu lilikuwa na tiki.

"Kitabu chako hakina majibu," akasema kwa sauti ya chini. "Kurasa zimechanwa. Na wewe umepata mengi mno."

Ilinichukua muda kuelewa. Alidhani nimeyaona majibu. Alinichagulia SAT kwa sababu alama zile aliziamini, na alinyamaza ili asiniaibishe mbele ya Mama.

Mama alikuwa nyuma yetu na kikombe mkononi. "Ni mimi niliyechana! Siku ile ile kitabu kilipofika. Nimwachie mtoto majibu ndani ya nyumba, mimi nimerogwa?"

"Mama Mueni, si ungeniambia!"

"Nikuambie nini? Hata wewe kule Machakos ulikuwa unachana majibu kwenye vitabu vya wanafunzi."

Mwalimu akacheka mpaka akakohoa. Ni kweli, alikuwa akichana.

Tulirudi wote watatu hadi kwetu. Mama akazitoa kurasa kwenye sanduku la pasipoti, akasoma majibu moja moja, Mwalimu akitia alama. Katika sayansi nilikosa manne tu. Mama akaweka kurasa chini, akaniuliza, "Wewe unataka upi?"

Hakuna aliyekuwa ameniuliza. Wala mimi sikuwa nimejiuliza kwa sauti. SAT inakata alama ukikosea, kwa hiyo mimi nisipokuwa na hakika huacha wazi, na naacha mengi. ACT haikati, nayo ina michoro na majedwali ninayoyapenda. Nililijua hilo tangu siku ya majaribio. Nilisubiri mtu mwingine aniambie, na aliposema kinyume nikamwita mwongo moyoni.

Nikasema ACT. Mama akanipa fomu nijaze, akaniambia Jumapili ijayo nitasimama mwenyewe kusahihisha tangazo lake.

Mwalimu alipokuwa akivaa koti, nilimsikia akimwuliza Mama, taratibu, kama sanduku lile hufungwa kwa ufunguo.

Mama akasema hufungwa. Mwalimu akaitikia kwa kichwa. Ameridhika kwamba sikuzifikia kurasa zile? Sijui. Mimi nilimshuku kwa sababu ndogo kuliko hiyo, kwa hiyo sina haki ya kukasirika, ingawa nimekasirika.

Kwenye chumba cha mtihani hakutakuwa na sanduku wala Mama. Nataka kupata alama zile zile, hata moja isipungue, kisha nimpelekee Mwalimu karatasi ya matokeo mimi mwenyewe.