Saruji Tumboni mwa Meli

Jumanne, 12 Mei

Umeme umerudi. Nimekaa mezani haraka kabla haujakatika tena. Kazi ya leo: matangi matatu ya chuma ya kiwanda cha korosho, yanakwenda Mtwara juu ya deki. Naingiza uzito, naingiza mahali yatakapokaa, naingiza kila mnyororo na jinsi utakavyovutwa. Programu inaipigia hesabu meli ikilazwa upande na mawimbi: minyororo itahimili au haitahimili. Kijani, inahimili. Nyekundu, hapana. Imetoka kijani. Nimemtumia Bwana Mdoe, bosi wangu, ofisini Dar.

Majirani hapa Bigwa hawaelewi mtu wa meli anafanya nini chini ya milima. Rafiki yake mama kutoka Kinole kauliza kama nimefukuzwa kazi. Nimerudi kwa sababu ya mama na presha yake, basi. Hesabu hazijali umezipigia wapi. Nimechoka kulieleza hili.

Shabani yumo kwenye meli hiyo. Mdogo wangu, baharia. Nafasi nilimtafutia mimi.

Jumatano, 13 Mei

Mvua. Mlima hauonekani. Sina kazi, na sina raha. Nimefua, nikaanua nguo mbichi, nikaanika tena. Shabani hajapiga.

Alhamisi, 14 Mei

Shabani kapiga asubuhi, anafurahi. Wanatoka bandarini leo.

"Dada, safari hii chombo kitatulia balaa. Wamejaza saruji chini."

Saruji gani? Mpango niliopewa ulikuwa na magunia ya mahindi, tena machache. Kumbe mahindi hayakufika, wakashindilia saruji. Hakuna aliyeona haja ya kuniambia.

Watu wote wanafikiri hivyo, chini kukiwa kuzito meli imetulia. Haipinduki kirahisi, kweli. Lakini ikilala inarudi kwa nguvu, inajitupa huku na huku kama mtu aliyeamshwa kwa kofi, na chochote kilichofungwa juu kinavutwa mno. Nimebadili namba kwenye programu. Nyekundu. Matangi yote matatu. Nikazima, nikawasha, nikaingiza upya kila kitu. Nyekundu.

Nimempigia Bwana Mdoe. Kacheka.

"Injinia, baridi ya milimani isikupe homa ukatuambukiza na sisi. Tumepakia hivyo miaka yote."

Nimemwambia tangi likifunguka litaua mtu. Kasema nimtumie ujumbe, ataangalia. Nimetuma. Meli imeondoka. Nina hasira.

Ijumaa, 15 Mei

Nimeswali bila kujua nimesoma nini.

Bwana Mdoe kausoma ujumbe, tiki za bluu zipo. Hajajibu. Redioni wametangaza upepo mkali pwani ya kusini. Programu yenyewe haiulizi hali ya hewa ya leo, inachukua bahari mbaya kabisa na kuhesabu kwa hiyo. Huenda nahangaika bure. Huenda.

Utaratibu wetu ni huu: mpiga hesabu hazungumzi na nahodha. Anazungumza na ofisi, ofisi ndiyo inazungumza na nahodha. Nikimruka bosi, kazi sina. Na dawa za mama zinatoka kwenye kazi hiyo hiyo. Nimekwenda sokoni kuwaza. Nimerudi mikono mitupu, hata mchicha sikununua.

Nikampigia Shabani. Haipatikani. Haipatikani. Ikaita. Walikuwa wanakaribia Kilwa. Nikamwambia ampe nahodha simu. Kaogopa.

"Dada, mimi naanzaje kumwendea mzee?"

Nikamfokea. Sijawahi kumfokea hivyo tangu utotoni. Akaenda.

Nimemwamkia nahodha, nikamweleza kuhusu saruji, kwamba hesabu aliyopewa si ya meli aliyo nayo. Akauliza iongezwe minyororo mingapi na ifungwe wapi. Nikamtajia. Hapo simu ikakatika.

Jumamosi, 16 Mei

Shabani hapatikani. Mama kaniuliza kwa nini nimevaa gauni nje ndani. Sikujua. Nimeingia chumbani nikalia, nikatoka kupika.

Jumapili, 17 Mei

Bwana Mdoe kapiga mwenyewe. Meli iliingia Kilwa ikatia nanga, wakafunga minyororo ya ziada, ndipo wakaendelea. Imefika Mtwara, wote wazima. Nikasema alhamdulillahi kabla hajamaliza.

Hakupenda. Mteja anafoka kwa kucheleweshewa mzigo. Matangi hayakusogea hata kidogo, bahari ilikuwa shwari, sasa nimwambie ile safari ya Kilwa ilikuwa ya nini. Mzigo uliofungwa vizuri hausogei, nitamwonyesha nini? Kasema nipumzike kwanza, wakinihitaji wataniita. Najua maana yake.

Ningependa mnyororo mmoja ungekatika. Mmoja tu, bila kumgusa mtu, wauone. Nimeandika hivyo na sifuti.

Jumanne, 26 Mei

Shabani alikuja juzi. Kala, kalala kwenye kochi mpaka jioni. Nimepita sebuleni mara nyingi bila sababu, kumwangalia anavyopumua. Anasema wenzake sasa wanamwita Mdogo wa Kompyuta. Nimecheka kidogo.

Nikamuuliza bahari ilikuwaje. Shwari, kasema, kama sahani, tangu walipotoka Kilwa. Na kabla ya Kilwa?

"Aa, ilikuwa inayumba. Ila ilikuwa inarudi haraka, Dada, chai haikai kikombeni."

Kasema hivyo huku anatafuta rimoti.

Leo asubuhi nimemsindikiza stendi. Meli inapakia tena Dar. Hesabu kapewa mtu mwingine pale ofisini, simjui, wanasema mtaratibu. Shabani alishapanda basi, kaegemea dirisha. Nikamuuliza safari hii wanapakia nini tumboni.

"Sijui, Dada. Nikifika nitaangalia."

Basi likaondoka. Nimerudi, nimempa mama dawa yake. Simu nimeiweka mezani, nimeipandisha sauti.