Mkuki wa Maonyesho

Jumatatu, 12 Oktoba 1953. Kitale

Nimemaliza kadi za mbegu. Mtama, wimbi, mahindi meupe, mahindi ya manjano. Vidole vimejaa wino. Mimi ni mwalimu wa kilimo, lakini kila mwaka maonyesho yakikaribia nageuzwa karani, kwa sababu Bwana Shamba, mzungu mkuu wa idara yetu, anapenda mwandiko wangu.

Leo amekubali wazo langu. Sikutarajia. Miaka yote watu wetu wanaingia uwanjani, wanazunguka matrekta na ng'ombe wa wazungu mikono nyuma, na askari anawapigia kelele wasiguse. Nilimwambia tuwe na banda la ufundi wa huku kwetu, na kila kitu kishikwe. Mtu asage wimbi mwenyewe kwenye jiwe. Afinyange udongo. Avute mivukuto ya mhunzi aone jinsi pumzi ya ngozi ya mbuzi inavyolainisha chuma. Aone kwamba hii nayo ni elimu.

Akasema, "Mzuri. Wewe tengeneza."

Nina furaha ya kijinga. Nimemwandikia mke wangu.

Jumapili, 18 Oktoba. Kabuchai

Lori la mahindi hadi Bungoma, kisha miguu. Nafula alikuwa ameshasoma barua. Hakucheka. Alisema, "Baba hatakubali."

Baba yake, Mzee Khaemba, ni mhunzi. Hakuna mwingine hapa karibu aliyebaki. Anafua majembe kwa vyuma vya springi za malori mabovu, na jembe lake linadumu kuliko la dukani. Nilikwenda kwake baada ya kanisa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

"Unataka nikae pale niangaliwe kama nyani?"

Nikasema hapana, Baba. Watu wajifunze. Akasema kiwanda cha mhunzi si mahali pa kila mtu kuingia na kutoka. Nikaeleza tena. Nilijisikia naongea sana. Mwishowe Nafula ndiye aliyemwomba, kwa maneno machache tu, akiwa amesimama mlangoni. Mzee akamtazama.

"Nitakwenda kwa sababu mtoto wangu amesema. Lakini ni majembe tu."

Nikasema ndiyo, Baba. Majembe tu.

Jumanne, 27 Oktoba. Kitale

Banda limesimama. Nguzo za mkalatusi, paa la nyasi. Wametupa nafasi nyuma ya mazizi ya ng'ombe. Si kitu.

Barua ya kibali imefika, na sahihi ya Bwana Shamba. "Vyombo vya kilimo na vya nyumbani." Nimeiweka kwenye Biblia isipotee.

Jumatano, 4 Novemba

Mzee amefika. Mivukuto ameifunga kwenye blanketi kama mgonjwa. Amewakataza watu wa lori wasiibebe. Nimempa kitanda, mimi nalala chini. Hakuzungumza ila kuuliza maji ya hapa yanatoka wapi. Ni ya kuchovya chuma. Ati kila maji yana tabia yake.

Alhamisi, 5 Novemba

Siku kubwa. Sijui nianzie wapi.

Walianza wachache, wafanyakazi wa mashamba ya wazungu. Wakaogopa kushika. Mama mmoja akaketi kwenye jiwe la kusagia, akasaga, akasema lake nyumbani ni zuri zaidi, watu wakacheka, na baada ya hapo banda halikuwa na nafasi. Foleni ya mivukuto ilifika kwenye zizi. Mzee mwanzoni alikuwa amenuna. Kila mtu alikuwa akivuta haraka haraka, moto unaruka, makaa yanatapakaa. Akainuka, akamshika mkono mwalimu mmoja wa shule, mtu mzima na tai yake, akamwonyesha: huu ukishuka, huu unapanda, polepole, pumzi isikatike. Chuma kikawa chekundu, kisha cha manjano. Mwalimu alipiga yowe kama mtoto.

Kuna fundi wa gereji wa hapa mjini, Kalasinga, wanamwita Fundi Singh. Alikuja asubuhi, akarudi mchana, akarudi jioni. Alivua koti akavuta mivukuto mpaka kilemba kikalowa jasho.

"Mzee, hii chuma wewe napima moto kwa nini? Mimi iko na mashini ya kupima."

"Kwa rangi," Mzee akasema. "Ikiwa kama ndizi imeiva, toa."

Fundi Singh alirudia maneno hayo mara tatu. Wakakaa pamoja kama watu wanaojuana tangu zamani. Mzee alicheka. Katika miaka sita tangu nioe binti yake sijawahi kumwona akicheka.

Nilikuwa sahihi. Naandika ili nikumbuke.

Ijumaa, 6 Novemba

Bwana Shamba alikuja na wageni, wazungu wanane, akina mama wawili wenye kofia. Walitazama jembe moja likifuliwa. Mama mmoja akapiga mwayo. Bwana Shamba akaniita kando.

"Watu nachoka na jembe. Mimi taka mkuki. Sasa hivi. Ambia Mzee."

Nilisema barua inataja vyombo vya kilimo. Akasema barua ni yake.

Nikamwambia Mzee. Akaendelea kupanga makaa. Akasema mkuki si kitu cha kuchezea mbele ya wanawake na watoto. Akasema, "Tulisema majembe."

Nikasema, Baba, nakuomba, ni mmoja tu, huyu ndiye mkubwa wangu.

Akamaliza kupanga makaa. Alichukua kipande cha springi akakitia motoni. Kazi ilichukua muda mrefu kuliko jembe na hakuna mgeni aliyeondoka. Ulipotoka majini ulikuwa mzuri mno. Mwembamba, na mshipa katikati ulionyooka kabisa. Wakapiga makofi. Bwana Shamba akaniambia niandike kadi. Nikaandika kwa herufi kubwa: MKUKI, UMEFULIWA HAPA NA KHAEMBA WA KABUCHAI.

Mzee hakula chakula cha jioni. Naona haya.

Jumamosi, 7 Novemba

Wamemchukua.

Ilikuwa karibu saa nne. Inspekta mzungu ambaye sijamwona kabla, na askari wawili. Alisimama mbele ya kadi yangu akaisoma. Akauliza ni nani Khaemba. Mzee alidhani anasalimiwa. Akainuka, akafuta mikono.

Siku hizi za Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali, kutengeneza silaha bila kibali ni kosa. Nilijua. Kila mtu anajua, imebandikwa kwenye ukuta wa posta. Lakini tulikuwa kwenye maonyesho! Nilitoa barua. Inspekta akaisoma, akaninyooshea kidole kwenye neno kilimo. Nikasema Bwana Shamba mwenyewe aliagiza. Akauliza, imeandikwa wapi?

Walibeba mkuki. Walibeba mivukuto, nyundo, koleo, hata majembe. Na kadi. Watu wa foleni walirudi nyuma wakaacha njia. Fundi Singh peke yake ndiye aliyewafuata mpaka kwenye gari akisema, "Huyu mzee ni fundi! Ni fundi tu!" Askari akamsukuma.

Mzee hakubishana. Alinitazama mara moja. Sikuona hasira. Afadhali ningeiona.

Jumapili, 8 Novemba

Nimepeleka uji na blanketi. Wamepokea blanketi. Sikuruhusiwa kumwona. Nilikaa nje chini ya ukuta mpaka saa kumi. Kisha nikarudi.

Jumatatu, 9 Novemba

Bwana Shamba hakuniangalia usoni. Alisema ni jambo la polisi, si la idara yake. Nikasema, Bwana, ulisema mkuki. Ulisema sasa hivi. Akapanga karatasi zake. Akasema pengine sikumwelewa, Kiswahili chake si kizuri. Kisha akaniambia kwa Kiingereza kizuri sana kwamba nina kazi nzuri na watoto wadogo.

Nina mtoto mmoja. Hajui hata hilo.

Nilitoka nikaenda nyuma ya ghala nikasimama huko. Sikulia. Sikufanya kitu. Kisha nikarudi kupima mbegu kwa sababu ilikuwa zamu yangu.

Jumatano, 11 Novemba. Kabuchai

Nilitumia njia nzima nikitafuta maneno. Nafula alikuwa ameshasikia kutoka kwa watu wa lori. Alikuwa anapukuchua mahindi. Hakuacha.

"Ulimwambia majembe," alisema.

Ndiyo.

"Mimi nilimwambia aende. Kwa ajili yako."

Ndiyo.

Nilikwenda kwa chifu. Alisema ataandika. Akaniuliza kama ninayo karatasi, yake imekwisha. Nikampa.

Ijumaa, 20 Novemba. Kitale

Hakuna jibu la chifu. Hakuna jibu la barua yangu kwa DC. Nimeandika nyingine. Mwandiko mzuri.

Alhamisi, 26 Novemba

Kesi. Haikuchukua muda wa kuchemsha chai.

Mzee alisimama na blanketi begani. Amekonda. Inspekta aliweka mkuki mezani, na kando yake kadi. Niliitwa mimi shahidi wa kwanza. Sikuitwa na Mzee. Niliitwa na serikali.

Nani ameandika hii? Mimi. Ni kweli yaliyoandikwa? Nikaanza kueleza. Hakimu akasema nijibu ndiyo au hapana. Ni kweli mkuki huu ulifuliwa na huyu?

Ndiyo.

Nikasema haraka haraka kwamba aliagizwa, mbele ya wazungu wanane. Mkalimani akatafsiri, nilimsikia, alitafsiri vizuri. Hakimu akauliza kama hao wanane wapo. Hawakuwapo. Ilisomwa barua ya Bwana Shamba. Aliomba vyombo vya kilimo na vya nyumbani tu. Hakuna uongo ndani yake. Kila neno ni la kweli.

Fundi Singh alikuja amevaa koti jeusi, akaomba kusema. Hakuruhusiwa, jina lake halikuwa kwenye orodha.

Mzee alipoulizwa kama ana neno, alisema, "Nilifua. Ni kazi yangu."

Mwezi mmoja. Hakimu alisema anamhurumia kwa umri. Vyombo vyote vimetwaliwa na serikali, na asifue chochote tena.

Nilidhani mwezi ndio adhabu. Nilipofika chumbani ndipo nikaelewa lile neno la asifue chochote tena.

Jumatatu, 14 Desemba

Bwana Shamba ananiita kwa jina sasa, Barasa, siyo "wewe". Ananisalimu. Ameleta pakiti ya majani ya chai kwa ajili ya Nafula. Nimeipokea. Nimeitazama kwenye meza siku nzima nikijiuliza ni mtu gani anayepokea.

Nimeuliza vyombo viko wapi. Karani wa korti, kijana wa Kimilili ninayemfahamu, aliniambia mivukuto ilichomwa. Ilikuwa inanuka, ati. Vyuma vimo stoo pamoja na mapanga na vitu vingine. Hata akiruhusiwa kesho, hakuna ngozi.

Nafula hajui. Nitamwambia nini.

Jumatano, 23 Desemba

Ametoka, siku chache kabla ya mwezi kutimia, kwa ajili ya Krismasi. Nilimngoja getini tangu alfajiri. Fundi Singh alikuja na gari lake bovu bila kuitwa, akatupeleka mpaka Bungoma. Tulipopita Kamukuywa Mzee alilala, kichwa kikigonga dirisha. Fundi Singh akapunguza mwendo.

Tulipoagana alimpa Mzee mkono, akaushika kwa mikono yote miwili. Akasema, "Kama ndizi imeiva."

Mzee akatikisa kichwa kukubali. Halafu akaanza kutembea kuelekea nyumbani mbele yangu.

Nilimwambia kuhusu mivukuto njiani, kwa sababu sikuweza kumwacha afike akitegemea. Hakusimama. Akauliza walichoma na yale makoleo marefu? Nikasema hapana, chuma hakiungui. Akasema, "Ndiyo."

Nimejaribu kuomba msamaha. Sentensi haikufika mwisho. Akaniambia niangalie, kuna tope.

Jumapili, 3 Januari 1954. Kabuchai

Likizo inaisha kesho. Jua kali, mahindi yote yako ndani.

Mchana alikuja mama mmoja kutoka Ndalu, anafanya kazi kwenye shamba la mzungu huko. Ametembea tangu asubuhi na jembe lililopasuka kwenye shingo. Hakuwa amesikia yaliyompata Mzee. Nafula alitaka kumweleza mlangoni amrudishe, lakini Mzee alimwita aingie.

Alilichukua jembe akaliweka magotini. Akapitisha kidole gumba kwenye ufa, kwenda na kurudi. Akamwambia lilifuliwa moto ukiwa mdogo, si lake, lakini bado ni chuma kizuri. Akamweleza aende kwa Mhindi mwenye duka la vyuma kule Bungoma, amwambie alipashe mpaka lifike rangi gani, na asilichovye lote, ncha tu. Alimrudishia polepole, kama mtu anayekabidhi mtoto. Mama akauliza kwa nini asilitengeneze yeye mwenyewe, si yuko hapa?

Mzee akasema, "Mkono unauma."

Nafula akampa yule mama maziwa. Alikuwa na njia ndefu na miguu imevimba, kwa hiyo nilichukua baiskeli nikalipeleka jembe mimi. Mhindi hakuwa amefungua, ni Jumapili. Nimeliacha kwa jirani yake, na maelezo nimeyaandika kwenye karatasi. Niliporudi Mzee alikuwa amelala kwenye kiti nje, na Nafula amemfunika kichwa kwa kitambaa kwa sababu ya jua. Tumekaa karibu naye.