Vigae vya Walatini na sufuria yangu

Alhamisi, 14 Novemba. Walthamstow.

Manyunyu tangu asubuhi, yale yasiyolowesha wala kukatika. Madirisha yote yametoka jasho. Sijatoka nje tangu Jumatatu, nilipopeleka taka kwenye pipa, na ile nayo siihesabu kuwa ni kutoka.

Niandike kwa utaratibu, maana kichwani utaratibu hakuna.

Kesho kampuni moja ya kutunza wazee kule Wembley inataka jibu. Wako tayari kuichukua visa yangu kutoka kwa kampuni iliyonileta. Shifti ni za mchana, ukimaliza unarudi kwako. Kwako! Binamu yangu Rehema ana chumba kule, ameshakipiga deki. Huku nako mtoto wa Bibi ninayemtunza, mtu mzima mwenye mvi zake, ananiomba nibaki kuishi na mama yake miaka miwili mingine. Aliniambia jikoni, ameegemea mlango, "Wewe si mfanyakazi. Wewe ni mtu wa familia."

Mfanyakazi anaweza kuacha kazi. Mtu wa familia anaachaje?

Bibi mwenyewe alikuwa mwalimu wa chuo, mtaalamu wa mambo ya kale. Miguu imegoma, akili ni wembe. Meza ya kulia imejaa trei za vigae vya vyungu alivyoazimwa na chuo, vimetoka kilima kimoja kusini ya Roma, nchi ya Walatini, enzi ambazo Roma yenyewe ilikuwa bado vibanda. Anaandika sura ya mwisho ya kitabu chake na swali lake ni moja tu. Watu wale walikaa wametawanyika, vibanda vitatu huku, vinne kule. Baadaye pakawa mji. Lini?

Sisi tunakula chakula magotini, meza ni ya Walatini.

Mchana nikishampa dawa namsogezea trei na kumshikia taa. Zawadi, rafiki yangu wa Bukavu tunayekutana sokoni hapa, nilimpelekea picha ya vigae siku moja. Akanipigia simu, anacheka mpaka anakohoa: "Weye dada! Unaacha bazima, uko unachunga byungu ya bafu? Na byenyewe bilishapasuka!" Nilimwambia afadhali vyungu vya wafu kuliko wazima, wafu hawana usumbufu. Akasema, "Ee, lakini bamekufunga!"

Nilicheka naye. Simu ilipokatika sikucheka tena.

Leo Bibi ameniwekea vigae viwili kiganjani. Cha kwanza kinene, cheusi, ukikitazama pembeni kilipovunjika unaona punje za mawe ndani ya udongo. "Hiki kilifinyangwa nyumbani," akasema. "Kila nyumba na udongo wake, kila mama na mkono wake." Cha pili chembamba, laini, kina mistari midogo inayozunguka, alama ya gurudumu la mfinyanzi. Anasema vya namna hii vimezagaa kilima kizima, udongo mmoja, midomo imepindwa sawasawa. Maana yake vimetoka karakana moja. Kwake hiyo ni dalili kubwa: watu hawakai tena jirani tu, wameanza kutegemeana. Anaweka kila kigae kwenye ramani mahali kilipookotwa, na madoa yaliyokuwa yametengana yanaanza kugusana.

Nikamuuliza, "Sasa siku gani walijua wako mjini?"

Alicheka sana. "Hakuna siku, mwanangu. Hakuna aliyekaa akaamua. Mtu anachukua chungu kimoja cha karakana kwa sababu ni chepesi. Mwaka wa pili mkewe hafinyangi tena. Mjukuu wao hajui hata udongo ulichimbwa wapi. Basi, mji umeshawafunika."

Nilikwenda jikoni kuinjika viazi. Nikafungua kabati kutoa sufuria, nikabaki nimesimama pale, maji yanachuruzika bombani.

Kabati lile nililisoma kama yeye anavyosoma trei.

Nyuma kabisa, kikombe changu cha bati. Hicho ni cha zamani, wakati nakuja asubuhi na kuondoka jioni. Mbele yake, sufuria yangu ya ugali na mwiko. Nilivileta Bibi alipoanguka bafuni, nikaombwa nilale hapa wikendi, "kwa muda tu". Halafu kinu kidogo cha kutwangia vitunguu saumu. Halafu mbuzi yangu ya kukunia nazi, ambayo mtoto wa Bibi aliikunjua akaikalia akidhani ni kigoda. Alivyoruka! Nikamwambia samahani, hiyo inaitwa mbuzi. Akasema, "Basi mbuzi huyu anauma." Bibi alicheka mpaka nikampa maji. Sasa hivi bizari zangu zimekaa juu ya chumvi yake, na sufuria zake mbili kubwa zimesukumwa kwenye kona, hakuna anayezigusa.

Siku niliyohamia katika nyumba hii siikumbuki. Haipo.

Mama yangu kule Muheza alikuwa na usemi kwa kila jambo, na huu ulinijia pale pale: mfinyanzi hulia gaeni. Nimeitunza nyumba ya watu mpaka najua ngazi ipi inalia ukiikanyaga. Changu ni nusu ya rafu.

Nikiri jambo, maana hapa ndipo mahali pake. Kwa muda mrefu nimewaambia watu kwamba visa ndiyo iliyonifunga. Ni kweli, ilinifunga. Inabeba jina la kampuni, na kampuni ndiyo iliyonipangia nyumba hii. Lakini Wembley walifungua mlango wiki kadhaa zilizopita na mimi bado nasema nasubiri mvua ipungue. Nampenda huyu bibi. Na kuna asubuhi namchukia, akigonga ukuta kwa fimbo kabla sijafumbua macho, halafu nachukia kwamba nimemchukia. Nikitazama barabara kutoka dirishani kwake naona watu wanashuka kwenda stesheni, nawaonea wivu hata wale wanaokimbia.

Baada ya kula niliuliza tena. "Na wale ambao hawakuutaka mji?"

Bibi alipitisha vidole juu ya trei kama anayemtafuta mtu. "Sijui," akasema. "Mimi naona vilivyovunjika hapa vikabaki hapa. Aliyeondoka na chungu chake kizima, simwoni." Akaniangalia. "Kwa nini?"

Nikasema nauliza tu. Haikuwa kweli, na nadhani anajua.

Jioni hii nimewajibu Wembley. Maneno mawili: Nimekubali. Nitakuja. Mikono ilikuwa na maji ya vyombo, nikailowesha simu.

Sufuria ya ugali nimeiosha, nikaikausha vizuri, na sikuirudisha kabatini. Imo ndani ya begi chini ya kitanda, imefungwa kwenye kanga. Kinu nacho kimo. Mbuzi nayo. Mwiko nimeuacha. Bibi anaukorogea uji wake mwenyewe kila asubuhi, hataki tena kijiko cha chuma, anasema kinapiga kelele.

Sasa yupo chumbani kwake anasikiliza redio. Nimefikiria nimwachie kabati wazi, aone pengo pale ilipokuwa sufuria, asome mwenyewe. Ndiyo kazi yake, na mimi ningeokoka maneno.

Hapana. Aliyeondoka na chungu chake hamwoni, amesema mwenyewe.

Mimi nataka anione. Asubuhi nitapanda na uji, nikae kwenye kiti, nimwambie kabla haujapoa.