Nimepokea kwa Mama

Colombo, 12 Aprili 1968

Mama yangu Bi Mwanakheir,

Shikamoo. Mie mzima, hamu ya nyumbani tu ndiyo inayoniumiza. Miguu yako je?

Kila wiki nahudhuria mihadhara ya dini ya Buddha, na Agosti upo mkutano mkubwa wa wataalamu. Nimepewa nafasi ya kusema. Nataka kuwaeleza juu ya lile hekalu la masonara waliotoka huku Sailoni hapo Unguja. Niulizie kwa sonara jirani yetu, siku hizi nani anawasha taa? Nikisema vizuri napata shahada yangu, narudi kwako.

Mwanao,
Masoud

Unguja, 30 Mei 1968

Mwanangu Masoud,

Marahaba. Miguu ni ile ile, nafundisha watoto Kurani chuoni nimeinyoosha.

Ama wewe! Nilikupeleka ukasome, umekwenda kuniangukia kwenye masanamu. Haya, nimekwenda na baibui langu hilo, Bi Biasha wa mbele ya nyumba kanitolea macho mpaka nikapinda kona. Hekalu limefungwa. Sonara anasema taa haiwashwi tena, wenziwe wamekimbia mmoja mmoja kwa khofu ya serikali, na yeye anafunga duka. Alilia, mwanangu. Pete zangu za harusi kazifua yeye.

Shahada siitaki, nakutaka wewe.

Mamako

Colombo, 2 Septemba 1968

Mama yangu,

Shikamoo tena na tena. Umeamkaje? Mie leo sikai chini kwa furaha.

Nimesema, mama! Nilipomaliza, mzee mmoja akauliza habari hizi nimezipata kwa nani. Nikaikumbuka bakora yako chuoni: elimu usiyomtaja uliyeipokea kwake ni wizi. Nikajibu, nimepokea kwa mama yangu, Bi Mwanakheir binti Silima, wa Malindi, Unguja. Wakapiga makofi! Gazeti la hapa limeandika yote, na jina lako. Nakuletea.

Mwanao,
Masoud

Colombo, 15 Januari 1969

Mama,

Shikamoo. Mbona kimya? Unaumwa?

Niliiandikia serikali kuomba ruhusa ya kurudi, wamejibu upesi, sikutarajia. Wamesema nije mara moja, kazi ya ualimu ipo. Mwezi wa nne nitakuwa kwako. Nipikie boko-boko.

Mwanao,
Masoud

Unguja, 4 Machi 1969

Masoud,

Mie hai. Barua hii anakuja nayo sonara mkononi, anarudi kwao, ndiyo maana nasema wazi.

Gazeti liliwafikia watu wa serikali kabla yangu. Walikuja wawili, wakanichukua, wakataka kujua nani kanituma kusema watu wanakimbia. Niliporudi, chuo hakina hata mtoto mmoja. Sikulaumu, baba. Kutaja nilikufunza mimi.

Hiyo kazi ya ualimu ni uongo. Wanakungoja bandarini. Walinitaka nikuandikie naumwa, ufanye haraka. Nikawaambia nimeletewa habari, mwanangu kafa kwa homa huko huko. Na ili waamini, Ijumaa nimekusomea khitma. Bi Biasha kapika wali, watu wamekula, wamenipa mkono wa tanzia. Nililia, Mungu anisamehe, wala sikuigiza.

Basi usije. Usiandike tena, maiti haandiki barua. Na jina langu usilitaje popote.

Shikamoo zako zote zilizobaki nazijibu leo. Marahaba, baba. Marahaba.

Mama wa marehemu Masoud