Dakika Nne za Diski

Baba Elisha,

Maharage yapo jikoni, yapashe tu. Kuku wafungie mapema.

Asubuhi ukiwa bafuni, mwalimu wa kwaya alipiga simu anataka nyimbo ulizowarekodia. Nikachomeka diski yako kwenye kompyuta, nikazikopi mwenyewe. Zote, dakika nne! Wewe kila Jumamosi unashinda studio Korogwe, eti diski nzito, kukopi kunakula saa tano.

Nikajisemea labda waya wa studio ni mbovu. Nikaanza kuzisikiliza.

~~Nitarudi jioni.~~ Nimekwenda kwa mama, Mazinde. Usinifuate.

Diski ninayo. Wimbo wa mwisho ulipokwisha, wewe ulisahau kuzima maiki. Kuna mwanamke anacheka, anakuuliza, "Na leo utamwambia diski nzito?"

Mama Elisha