Nyumba Namba Kumi na Nane

Jumatatu, 6 Machi

Kidato cha pili wamenifurahisha leo! Nimewabandikia ukutani ule mtaa wangu wa elementi. Nyumba ishirini, na namba ya nyumba ndiyo idadi ya protoni. Elektroni ni wapangaji: chini vyumba viwili, ghorofa zinazofuata vinane vinane. Sodiamu kule juu ana mpangaji mmoja tu, kanuna, anatafuta pa kuhamia. Darasa zima kicheko. Miaka sita nauchora mtaa huu, kila likizo nauongezea kitu.

Kisha Wakili akanyoosha mkono. Ni binti wa dawati la mbele, nimempa jina hilo kwa ubishi wake. Eti potasiamu ana protoni kumi na tisa, mbona nimempa nyumba namba kumi na nane? Nikatazama. Loo! Safari hii nilipochora upya nilipanga kwa uzito. Agoni, mwenye nyumba hiyo, ni mzito kuliko potasiamu, nikamsukuma nyuma. Yaani yule mkorofi anayelipuka akiguswa na maji nimemlaza kwenye safu ya wapole, zile gesi zisizoungana na mtu! Nimecheka mwenyewe. Nimebadilisha mbele yao.

Wifi ana nakala yenye kosa lile lile, aliiomba likizo akafundishie shuleni kwake. Nimempigia. Hapokei.

Jumanne, 7 Machi

Wifi hapokei. Nimemuuliza kaka, anasema mkewe yuko bize.

Alhamisi, 9 Machi

Nimeletewa boksi la vijitabu ofisi ya walimu. Mkuu wa shule akanikabidhi kimoja, anatabasamu: hongereni, mmeingiza mtu wa familia kwenye vitabu! Vimetoka wilayani, vinaenda shule zote. Juu kabisa, kwa herufi nene, jina la wifi yangu.

Nikafungua. Mtaa wangu. Nyumba zangu. Wapangaji wangu, hadi yule wa sodiamu aliyenuna! Maneno yangu mwenyewe, koma kwa koma. Nikatafuta jina langu mbele, nyuma, hata kwenye shukrani. Kamshukuru mumewe. Kamshukuru mama. Mimi, hata nukta.

Ukurasa wa kumi na nne: potasiamu, nyumba namba kumi na nane.

Nilikwenda stoo ya maabara nikajifungia. Nililia kama mtoto, katikati ya chupa za asidi. Mimi ndiye niliyemleta kwa kaka! Mimi ndiye niliyemfundisha kuandaa somo, alipokuwa akitetemeka mbele ya darasa lake la kwanza!

Ijumaa, 10 Machi

Kaka kanipigia kabla sijampigia. Anasema tusikuze mambo, si jina ni la ukoo ule ule? Nikamuuliza kama alijua. Akaniuliza kama mama hajambo. Nikauliza tena. Akasema mtoto anaita, akakata.

Alijua.

Jumapili, 12 Machi

Kwa mama. Wifi kanikumbatia mlangoni, uso mkavu, eti "wifi yangu, umekonda!" Nilimsubiri jikoni. Akasema mawazo hayana mwenyewe, tuliongea wote hapo hapo tukiosha vyombo. Nikamwambia mimi niliongea, yeye aliosha vyombo. Akaanza kulia. Mama akaingia, akamkuta analia, nikawa mimi mbaya. "Mwanangu, nawe wivu utauacha lini?" Wivu! Mama huyu huyu aliyekuwa akinishikia taa nikichora!

Habari ya ukurasa wa kumi na nne sikusema. Nilikuwa nayo mdomoni. Nikaimeza. Wacha aaibike, nilijisemea, na nilisikia raha. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma.

Jumatatu, 13 Machi

Vijitabu vimegawiwa darasani. Haikupita dakika tano, Wakili huyo na mkono juu. Mwalimu, kitabu kimekosea, na kosa ni lile lile lako. Akageuza, akasoma jina la juu. Akanitazama. Akakifunga polepole, hakuuliza tena. Yeye, asiyenyamaza!

Nimewaambia wasahihishe kwa kalamu. Darasa langu litasahihisha. Na hayo mengine? Watoto wa shule nzima nzima wanakariri kosa langu, nami nimekaa kimya ili mtu mmoja aumbuke. Raha ya jana imeisha. Imebaki hasira tupu, na nusu yake ni yangu mwenyewe.

Jumatano, 15 Machi

Mkaguzi wa shule ameliona lile kosa. Vijitabu vyote vinarudishwa. Wifi ametakiwa ajieleze kwa maandishi kabla ya kesho jioni, la sivyo wanamwondoa kwenye jopo la waandishi.

Simu zake: kumi na moja. Sasa si bize tena.

Alhamisi, 16 Machi, saa kumi jioni

Wako sebuleni, yeye na kaka. Wamekuja na karatasi iliyochapwa tayari. Wifi kapiga magoti kabisa, kanishika mikono. "Wifi yangu, nisitiri. Wewe huna cha kupoteza." Kaka anaangalia viatu vyake. Nimesema naenda chumbani kutafuta kalamu.

Naisoma kwa mara ya tatu. "Nakiri kwamba ukurasa wa kumi na nne niliuandaa mimi, si mwandishi."

Si mwandishi! Miezi yote hii hakupata nafasi ya jina langu. Leo kaipata, tena kaliandika kamili pale pa kusaini, majina yote matatu, bila kukosea herufi. Kumbe alilijua.

Na ni kweli. Ukurasa ule niliuandaa mimi. Ndilo linaloniuma zaidi, nikisaini sitakuwa nimedanganya.

Nimekaa kitandani, kalamu ninayo. Ile nyekundu ya kusahihishia. Nimekata "ukurasa wa kumi na nne." Juu yake nimeandika "kurasa zote." Nimekata "niliuandaa," nimeandika "niliziandaa." Nimeandikia gotini, mwandiko umepinda, lakini unasomeka.

Sijasaini.

Kaka anagonga. "Dada, kalamu bado tu?" Nyuma yake namsikia wifi akimnong'oneza aniulize kama nimeshaweka sahihi—